Ngoma Iliyobaki Nje ya Mlango

Tamka neno hili: barabara. Ukikaza silabi ya tatu, umetaja njia. Ukikaza ya pili, umesema “sawasawa kabisa”. Mkazo ukihama, maana nayo inahama. Jambo dogo hilo limezisumbua nyimbo za kanisa huku kusini kwa miaka mingi.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitembea kutoka Lindi na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi Masasi, mkoa wa Mtwara wa leo. Steere alikuwa mtu wa lugha. Alishaandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kukusanya hadithi za Unguja. Alitaka muumini aelewe anachosali, na kwa upande wa akili, alipatia.

Shida ilikuwa kwenye tuni. Nyingi zilitoka Uingereza, na nyingi kati ya hizo huanza na pigo jepesi, zito likifuata. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Weka “Bwana” mwanzoni mwa mstari wa namna hiyo, utajikuta unaimba “bwaNA”. Jaribu, utacheka mwenyewe.

Na moyo je? Wamisionari wengi waliiona ngoma kuwa ya kipagani, ikabaki nje. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakukubali kwamba kila cha asili kifutwe. Alilileta hata jando ndani ya Ukristo, na wapo waliomshangaa.

Ukipanda na mto Ruvuma hadi upande wa Songea, unakutana na Padre Stephen Mbunga, Mkatoliki. Mwaka 1963 alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akiutetea muziki huo ibadani. Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Vatikano ukataka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi yake.

Kwa hiyo mwalimu wa kwaya anapochagua kati ya wimbo “wa kuchangamsha” na wimbo “wenye mafundisho”, nadhani anajibana bure. Asome maneno kwanza kwa sauti, kama anaongea na bibi yake. Tuni ikiyafuata maneno hayo, akili itaelewa. Halafu ngoma iingie, mlango umeshafunguliwa.