Dago na Maulidi: Wahamaji wa Pwani ya Cabo Delgado

Litajwapo neno mhamaji, wengi wetu huiona nyika. Humwona Mmongolia ahamishaye hema lake la sufi na farasi zake kufuata majani, au Mmasai na makundi ya ng'ombe wake. Ni nadra kumfikiria mvuvi. Hata hivyo, kusini ya mto Ruvuma, katika pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, wako watu ambao malisho yao ni bahari na hema lao ni banda la makuti. Katika makala haya tunakusudia kueleza kuhama kwao, na jinsi sikukuu ya Maulidi inavyowakusanya. Kwani twaamini kuwa historia ya pwani imefundishwa mno kwa magofu na majina ya masultani, na kidogo sana kwa watu waliokuwa safarini.

Wenyeji wengi wa pwani hiyo huitwa Wamwani. Mwalimu alisikiaye jina hilo kwa mara ya kwanza atadhani ni habari ya majani ya baharini. Sivyo. Katika Kimwani, mwani ndio pwani. Basi Mmwani ni mtu wa pwani, kama vile neno Mswahili lilivyotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Kimwani ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, nacho kimeazima kwa jirani zake Wamakonde na Wamakua, na kwa Wareno pia. Kiswahili chenyewe hakikuwa kigeni huko. Katika karne ya 19 watawala wa sehemu hizo waliandikiana na maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na nyingi za barua hizo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kihistoria mjini Maputo.

Sasa tuitazame kazi ya kuhama. Wavuvi wa pwani yetu huiita kambi yao dago. Dago halipigwi popote. Sharti pawepo maji ya kunywa, kuni, mchanga wa kupandishia vyombo, na nafasi ya kuanikia ng'onda. Visiwa vya Kirimba, ambavyo ni zaidi ya thelathini, vimepangana toka karibu na Ruvuma hadi kukaribia ghuba ya Pemba. Lakini vingi havina maji ya kutosha mji. Kwa hiyo hukaliwa kwa msimu. Wakati wa kaskazi, upepo uvumao tangu Desemba hadi Machi hivi, vyombo huteremka. Kusi ikishika, hupanda. Wavuvi wa Nampula huja kwa Wamwani, na wavuvi wa kusini ya Tanzania huvuka Ruvuma. Dagoni hukutana lahaja nyingi kuliko katika darasa lolote, na mtoto aliyefuatana na baba yake hurudi na maneno mapya pamoja na samaki.

Hapa ndipo penye jambo la kufikirisha. Wamongolia huadhimisha sikukuu yao kuu ya Naadam katikati ya mwezi wa Julai, wakati wa joto na majani mabichi, na kila mwaka huwa hivyo. Sikukuu ya Wamwani haikai mahali pamoja. Maulidi huangukia Mfunguo Sita, na mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko mwaka wa jua. Pepo zafuata jua. Sikukuu yafuata mwezi. Hivyo katika muda wa miaka thelathini na mitatu hivi Maulidi huzunguka misimu yote: mara humkuta mvuvi nyumbani, mara humkuta yuko dagoni, mbali na wake na wazee. Mvuvi huishi kwa kalenda mbili, na hana budi kuzipatanisha.

Hata hivyo mwezi wenyewe humsaidia. Usiku wa tarehe 12 mwezi hukaribia kukamilika, na kila mvuvi wa taa ajua kuwa mbalamwezi haina dagaa. Bamvua nalo li karibu. Miamba itakauka mbali, na wanawake watapata pweza na chaza wa kuwakirimu wageni. Ndiyo kusema kuwa tarehe ya dini imeangukia siku ambazo bahari nayo hutoa ruhusa.

Na tusafiri basi, msomaji, katika mwezi huo kama ulivyokuwa ukiadhimishwa nyakati za amani. Tuanzie ghuba ya Tungui, ulipo mji wa Palma. Tushuke na tanga kupita Vamizi, tuguse Mocímboa da Praia, kisha Pangane iliyo na minazi mingi, kisha Matemo, hatimaye Ibo yenye ngome iliyojengwa mwaka 1791. Ndiyo pwani ya Barzanji na matwari, na ya ngoma ya tufo, ambamo wanawake waliovaa sare moja, nyuso zao zikipakwa musiro mweupe, hupanga safu na kuyumbisha mabega kwa pamoja. Tufo ilitokana na sifa za Mtume, lakini baada ya uhuru wa mwaka 1975 ilibeba pia habari za nchi na siasa. Kadiri tujuavyo desturi ya pwani nzima, miji hupeana zamu za kusoma, ili jirani apate kuhudhuria kwa jirani. Kwa watu waliotawanyika katika madago, zamu hizo ndizo zilizowaunganisha.

Bahari hiyo ilikatwa vipande na watu wa mbali. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 uliiacha Tungui upande wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1887 Wareno waliishambulia kwa mizinga na kuitwaa. Mwaka 1894 Wajerumani walichukua Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, na Wareno wakaichukua mwaka 1916. Wavuvi waliendelea kuvuka, lakini sasa walivuka mpaka.

Tena si kila kuhama kulikuwa kwa hiari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini walivishambulia visiwa hivi na kuwateka watu. Vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964 viliwasukuma wengi Tanzania. Na tangu Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, msiba umerudi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilibomoa Ibo na miji ya jirani. Kisha, katika Oktoba na Novemba 2020, watu zaidi ya 10,000 waliwasili kwa mashua katika ufuko wa Paquitequete mjini Pemba, wakikimbia mauaji. Mwishoni mwa Oktoba chombo kimoja kilizama kati ya Ibo na Matemo, na makumi ya watu wakafa.

Mwezi huo ulikuwa Mfunguo Sita. Njia iliyopitwa na wakimbizi ilikuwa ile ile ya kwendea Maulidi, na vyombo vilikuwa vile vile. Bali hakuna aliyechagua upepo, wala hakuna aliyengojea mwezi. Hiyo ndiyo tofauti ya kuhama na kukimbia. Anayehama anajua siku ya kurudi.

Kwa sisi walimu, yapo mawili ya kuzingatia. Kwanza, tusikiite Kimwani Kiswahili kilichoharibika. Ni lugha kamili, iliyolelewa na safari zile zile zilizokieneza Kiswahili. Pili, tufundishapo historia ya pwani, baada ya Kilwa na misikiti yake tulitaje na dago. Dago haliachi gofu. Makuti huoza na mchanga hufuta nyayo. Limebaki katika maneno ya watu tu, na maneno ndiyo tuliyokabidhiwa kuyatunza.