Usablimishaji: Istilahi Kati ya Kemia na Saikolojia

Istilahi 'usablimishaji' imetokana na kitenzi cha Kilatini *sublimare*, yaani kuinua juu. Kwa wanaalkemia, ilimaanisha kutakasa kitu kwa moto. Katika kemia, ni kitu kigumu kugeuka mvuke pasipo kuyeyuka, kama iodini ipashwapo moto polepole. Mwaka 1878, Nietzsche alipopendekeza 'kemia' ya dhana na hisia, aliitumia istilahi hiyo kuhusu nafsi. Mwaka 1905, Freud akaeleza kwayo jinsi ashiki inavyoelekezwa kwenye sanaa. Hata hivyo, mvuke wa iodini ukipoa hurudi kuwa iodini ileile. Hivyo basi, mhakiki anayeliona shairi la mapenzi kuwa ashiki iliyosablimishwa hana budi kubainisha: je, shairi limeitakasa ashiki, au limeibadilisha umbo tu?