Kuandikiana Kabla ya Nikahi

Ukipanda basi Tanga mjini kwenda Mombasa, utateremshwa Horohoro kugonga mhuri. Huku Mkinga, kule Lungalunga. Watu ni walewale, Wadigo na Wasegeju, wanaozikana na kuoana. Mstari unaowatenga walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na hakuna bibi harusi aliyeulizwa.

Hapo ndipo alipoolewa mama yangu mdogo. Hapo ndipo alipoachika, akatoka na sanduku moja la nguo. Ile nyumba maji ya kufyatulia matofali yake aliyateka yeye, kichwani. Alipodai chake aliulizwa neno moja tu: "Una karatasi?" Hana.

Tangu siku ile najiuliza: hivi wazee wetu hawakujua kuwekeana ahadi kabla ya ndoa? Kumbe walijua sana.

Kwa Wadigo wa zamani urithi ulifuata upande wa mama. Mali ya mwanamume ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Mke hakutegemea mali ya mume. Akiachika alikuwa na pa kurudi, kwa wajomba. Uislamu ulipokita mizizi, mirathi ikawatazama watoto wa marehemu mwenyewe. Mila na sheria zikavutana, na ndugu wakashitakiana kwa ajili ya minazi. Lakini Uislamu nao ulileta kinga yake, maana nikahi yenyewe ni mkataba: ina walii, mashahidi wawili, na mahari ambayo ni mali ya mke, si ya baba yake. Mahari yaweza kulipwa yote, au sehemu ikabaki deni. Na masharti huruhusiwa. Sisi vijana tumebakiza pilau na ngoma, masharti tumeyatupa.

Ikaja Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inataka wachumba watoe taarifa siku 21 kabla, na waseme kama ndoa ni ya mke mmjoa au la. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya yeyote kati yao, isipokuwa wakikubaliana vinginevyo. Kwa hiyo mlango wa makubaliano uko wazi, ila wengi hatuubishi.

Asiyebisha hodi mapema hubisha mahakamani. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Ushindi huo! Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa alionekana amekwisha kutumia fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi. Wanawake waliomfuata wakala matunda ya mti alioupanda yeye.

Vuka sasa geti. Kenya ilipitisha Sheria ya Mali ya Ndoa mwaka 2013, inayowaruhusu wachumba waziwazi kuandikiana kabla ya kuoana. Mahakama yaweza kuyatupa makubaliano hayo kama yana hila, yamelazimishwa, au ni dhuluma ya wazi.

Najua mtasema, "Huko si kupanga talaka kabla ya harusi?" Hata mimi niliwaza hivyo. Lakini mvuvi anayekagua ngalawa yake pwani haombi izame. Na karatasi hiyo haimlindi mke peke yake. Humlinda na kijana aliyeachiwa shamba na mama yake, na mjane anayeolewa tena akiwa na watoto wa kwanza. Tena yaandikwe mapema, mbele ya mashahidi wa pande zote, si usiku wa kuamkia harusi wakati ng'ombe amekwisha kuchinjwa na hakuna awezaye kusema hapana.

Binti wa mama mdogo amechumbiwa. Wajumbe walipokuja, mama mdogo aliwapa kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa adabu, "Na kile kiwanja, baba zangu, kitaandikwa majina ya nani?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akaniomba kalamu.