Kulia kwa nani? Jinsi wataalamu wanavyoelekeza mwilini na ubongoni

KULIA ni kwa nani: kwa daktari au kwa mgonjwa? Swali hili lina uzito, kwani anayekosea jibu aweza kupasua upande usiofaa.

Katika taaluma ya anatomia, kulia na kushoto daima ni kwa mgonjwa mwenyewe. Ili kuondoa utata, mwili huelezwa kana kwamba umesimama wima, uso na viganja vikielekea mbele, mikono ikiwa ubavuni. Hata mgonjwa akilala kifudifudi, kanuni haibadiliki: kidari ki mbele ya moyo, uti wa mgongo u nyuma yake.

Aidha, mwili hugawanywa kwa mabapa matatu, yaani mikato ya kufikirika. Bapa la mshale hutenganisha kulia na kushoto. Bapa la taji, lipitalo kutoka sikio hadi sikio, hutenga mbele na nyuma. Bapa la mlalo hutenga juu na chini.

Ubongo una utata wake. Kwa mbwa, ubongo na uti wa mgongo hukaribia kufuata mstari mmoja. Binadamu husimama wima huku macho yakitazama mbele, hivyo mstari huo umepinda. Kwa sababu hiyo, neno 'mgongoni' likitumiwa kuhusu uti humaanisha nyuma, ilhali katika ubongo mkubwa humaanisha juu, kuelekea utosini.

Picha za skani nazo huhitaji uangalifu. Mkato wa mlalo kwa kawaida husomwa kana kwamba daktari amesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali. Hivyo basi, upande wa kushoto wa mgonjwa huonekana kulia mwa picha. Na kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo hutawala viungo vya kulia, aliyepooza mkono wa kulia kutokana na kiharusi kwa kawaida huwa ameathirika ubongo wa kushoto, na dosari hiyo huonekana kulia mwa picha.

Ni kwa kutambua hatari ya makosa ya aina hii ambapo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji mnamo 2008. Kabla ya kutiwa nusukaputi, mgonjwa huombwa kuthibitisha jina lake, upasuaji anaofanyiwa na mahali penyewe, nao wahudumu huhakikisha pametiwa alama. Mgonjwa asisite kuuliza: ni kulia kwangu, au kwako?