Cheti, Wosia na Mjane: Historia ya Ofisi Tunayoipita

Katika jarida hili la maadhimisho wengine wameandika juu ya mikutano na makanisa yaliyozaliwa. Mimi naleta historia ya ofisi ambayo tunaikumbuka siku ya harusi au ya msiba tu: ile inayosajili ndoa, kutunza wosia na kusimamia mirathi. Naileta kwa sababu bado tunazika ndugu, na kabla udongo wa kaburi haujakauka mjane anaulizwa na ukoo, "Cheti kiko wapi?"

Jambo hili si la kidunia kama wengine wanavyodhani. Someni Ruthu 4. Boazi hakumchukua Ruthu kimyakimya. Alikwenda langoni, akaketisha wazee 10, mambo ya shamba na ya ndoa yakamalizwa mbele ya mashahidi. Na katika Yeremia 32 nabii alinunua shamba, hati ikatiwa muhuri na kuhifadhiwa ndani ya chombo cha udongo ili idumu siku nyingi. Lango lile ndilo ofisi ya leo.

Upande wa Kenya, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ndoa za Wakristo Waafrika mwaka 1904, kisha nyingine mwaka 1931. Ile ya 1931 ilisema kwamba mjane aliyefunga ndoa chini yake halazimiki kurithiwa na shemeji wala ndugu mwingine wa mumewe. Hebu fikiria, wakati ule! Yaani mchungaji mwenye leseni alipojaza kitabu cha ndoa, alikuwa anamjengea yule mama ukuta. Sheria hiyo ilidumu mpaka 2014, ilipokuja Sheria ya Ndoa inayozikusanya pamoja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu.

Tanzania ilitangulia kuunganisha sheria zake za ndoa, mwaka 1971. Hapo taarifa ya ndoa hutolewa siku 21 kabla, na mchungaji anayefungisha lazima awe na leseni ya serikali. Kazi ya Kabidhi Wasii Mkuu, pamoja na usajili wa ndoa, vizazi na vifo, leo iko chini ya RITA. Hao pia huandika na kutunza wosia.

Sasa mirathi. Kenya ina Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Mume akifa bila wosia akaacha mke mmoja na watoto, mke hupata vyombo vya nyumbani, na mali iliyobaki huitumia maisha yake yote. Baadaye watoto hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume.

Tanzania ni tofauti. Kuna sheria ya mila, ya Kiislamu, na ile ya India ya 1865 ambayo bado inatumika. Kwa ile ya India, mjane mwenye watoto hupata theluthi moja. Kwa mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila ya ukoo wa baba, mjane mwenye watoto hana fungu. Anatunzwa na watoto wake. Mahakama huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Ndugu yangu, usipoandika ulichokusudia, watu wengine watakisemea.

Wakenya mnaikumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alisema mume alimwambia anakotaka kuzikwa. Ukoo ukapinga. Mwili ulikaa zaidi ya miezi 5, mpaka mahakama ikaupa ukoo haki ya kuzika. Mtu aliyeijua sheria hivyo hakuacha wosia wa maandishi! Basi sisi je?

Kwa hiyo, wachungaji, jamani, tusifungishe ndoa ya "tumewaombea, inatosha". Leseni ya Kenya haivuki mpaka. Ukialikwa kufungisha upande wa pili, mwachie mwenyeji mwenye leseni ya huko, wewe hubiri. Waliobarikiwa zamani bila cheti waende kwa Msajili wakaulize utaratibu, wakiwa hai wote wawili. Na wosia uandikwe ukiwa na afya, mbele ya mashahidi wawili au zaidi wasio warithi. Kwa Kenya, wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wawili, na hausimami kama aliyeutoa ameishi zaidi ya miezi 3 baadaye.

Tumeombea wajane miaka mingi katika ushirika huu, na tuendelee. Lakini mama yule akienda mahakamani ataulizwa karatasi, na karatasi hiyo tunaiandika sisi, leo, mume wake akiwa bado anakaa naye kanisani.