Almanaki: Kijitabu Kilichouza Mvua, Wafalme na Misemo

Desemba 1732, mchapishaji kijana wa mjini Philadelphia aitwaye Benjamin Franklin alitoa kijitabu cha kalenda ya mwaka uliofuata, akakitia jina la mtu asiyekuwepo duniani. Mtunzi, kilisema, ni Richard Saunders, fukara anayeshinda akitazama nyota huku mkewe akitishia kuvichoma moto vitabu vyake kama havitaleta chochote nyumbani. Katika dibaji, huyo Saunders akatangaza kifo cha mshindani wake wa biashara. Titan Leeds, ambaye almanaki yake ilikuwa na wateja tele, angefariki tarehe 17 Oktoba 1733, saa tisa na dakika 29 alasiri.

Siku ikafika, ikapita, na Leeds yu mzima. Kwa hasira akachapisha majibu, akimwita mpinzani wake mwongo na mpumbavu. Franklin akajibu kwa upole kwamba Leeds lazima amekufa, maana rafiki yake mstaarabu asingeweza kutoa maneno machafu kiasi kile. Bila shaka kuna watu wanalitumia jina la marehemu. Mzaha huo aliuendeleza miaka kadhaa, hadi Leeds alipofariki kweli mwaka 1738. Wala wazo hilo halikuwa lake. Mwaka 1708 Jonathan Swift alikuwa amemfanyia vivyo hivyo John Partridge, mtunga almanaki wa London, kwa kumtabiria kifo na kisha kutangaza kwamba utabiri umetimia.

Msomaji wa Tanzania hatashangaa sana. Kuelekea uchaguzi mkuu wa 2010, mnajimu maarufu Sheikh Yahya Hussein alitabiri kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kumpinga Rais Jakaya Kikwete ndani ya chama atakufa ghafla. Watu walibishana vijiweni na magazetini. Tofauti ni kwamba Franklin alikuwa akitania na Sheikh Yahya hakuwa akitania. Alifariki mwenyewe Mei 2011, na Kikwete akaendelea na muhula wake.

Vijitabu hivyo vilikuwa na nini hata vikagombaniwa hivyo? Karibu kila kitu ambacho mtu angetaka kukijua kabla ya kutoka nyumbani. Kila mwezi ulikuwa na ukurasa wake, na kila siku mstari wake: jua linachomoza na kuzama saa ngapi, mwezi uko wapi, maji yanajaa lini, mahakama inakaa wapi, gulio liko mji gani. Pembeni kulikuwa na utabiri wa hewa, uliofinywa katika maneno machache na kusambazwa juu ya siku tatu nne ili mtunzi asibanwe akikosea. Kisha tarehe za watawala: siku ya kuzaliwa mfalme, siku aliyokalia kiti, siku adui fulani alipopigwa. Uingereza ya miaka ya 1660 ilinunua nakala zipatazo 400,000 kwa mwaka. Ni Biblia pekee iliyoweza kushindana na biashara hiyo, na faida ilikuwa mikononi mwa chama cha wachapishaji wa London kilichopewa ukiritimba na mfalme James mwaka 1603. Serikali nayo haikukaa pembeni. Kuanzia mwaka 1711 ilitoza ushuru wa stempu kwa kila almanaki, na ushuru huo haukufutwa hadi 1834.

Misemo iliingia kwa sababu ya kawaida kabisa, nayo ni nafasi tupu. Franklin alieleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba vijinafasi vilivyobaki kati ya siku mashuhuri alivijaza kwa methali, nyingi za kuhimiza kazi na kuweka akiba. Nyingi alizichukua kwenye vitabu vya wengine, akazinoa, akazikata urefu. Aliuza karibu nakala 10,000 kila mwaka, katika makoloni yenye nyumba nyingi ambazo hazikuwa na kitabu kingine cha kununua. Mwaka 1757, akiwa baharini kuelekea London, alizikusanya zile za kazi na fedha katika hotuba ya mzee mmoja wa kubuni, iliyotoka katika toleo la 1758. Hotuba hiyo ilitafsiriwa katika lugha nyingi, na ndiyo iliyofanya watu wengi wamdhani Franklin kuwa mtu mkavu wa mawaidha. Aliyesoma kisa cha Leeds anajua sivyo.

Kuna njia nyingine ya neno la siku, isiyo ya kibiashara. Huko Herrnhut, Ujerumani, jioni ya tarehe 3 Mei 1728, Mtemi Nikolaus von Zinzendorf aliwapa waumini wa Moravian neno moja la kubeba siku inayofuata, na asubuhi likapelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu 1731 maneno hayo huchapishwa kwa mwaka mzima bila kukatika, na aya ya Agano la Kale kwa kila siku hupatikana kwa kupiga kura. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuja na desturi hiyo. Muumini wa Mbeya au Tabora anayefungua neno la leo kabla ya chai yuko kwenye mkondo uleule.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, sehemu yenye thamani kuliko zote ni ile ambayo mtunzi hakuiandika. Wanunuzi wengi waliingiza karatasi nyeupe kati ya kurasa za almanaki na kuandika yao. George Washington alifanya hivyo kwa miaka mingi katika almanaki ya Virginia: wapi alikuwa, nani alikuja kula, upepo ulivuma kutoka wapi. Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 13 Desemba 1799. Theluji imeanguka, kimo chake inchi 3 hivi, na usiku kipimajoto kinasoma 28 kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani chini ya kuganda. Kesho yake usiku alikufa.

Thomas Jefferson alikuwa mkali zaidi wa vipimo. Tarehe 4 Julai 1776, siku ambayo Tangazo la Uhuru wa Marekani lilipitishwa, daftari lake la matumizi linaonyesha amelipa pauni 3 na shilingi 15 kwa kipimajoto, shilingi 27 kwa jozi 7 za glovu za kike, na shilingi moja na nusu ya sadaka. Kuhusu hewa aliandika nyuzi 68 saa 12 asubuhi, 72 na robo saa 3, 76 saa 7 mchana, ambazo ni kama 24 za Selsiasi, na 73 na nusu saa 3 usiku. Kuhusu taifa lililozaliwa siku hiyo, daftari la hewa halina neno. Alipima hivyo hadi mwaka 1816, na vipimo vyake bado vinatumika. Utabiri wa Richard Saunders kwa mwaka 1733 haumfai mtu yeyote leo, isipokuwa kwa kicheko.

Utabiri wenye msingi ulichelewa sana. Ulianza baada ya dhoruba ya Oktoba 1859 iliyoizamisha meli ya Royal Charter karibu na Wales na kuua zaidi ya watu 400. Robert FitzRoy, nahodha aliyekuwa amemchukua Charles Darwin katika meli ya Beagle, alikusanya taarifa za vituo kwa simu ya maandishi, na tarehe 1 Agosti 1861 gazeti la The Times likachapa utabiri wake wa kwanza kwa umma. Alipokosea alidhihakiwa bungeni na magazetini. Alijiua Aprili 1865, na mwaka uliofuata utabiri wa umma ukasimamishwa, usirudi hadi 1879. Watunga almanaki, waliokuwa wakikosea kwa karne mbili, hakuna aliyewasimamisha.

Pwani yetu ilikuwa na almanaki isiyochapwa. Mwaka wa Waswahili huanza Nairuzi, siku iliyokuja na wafanyabiashara wa Uajemi, na ambayo watu wa Makunduchi, Unguja, bado huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa: wanaume wanachapana kwa mabua ya mgomba, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanaimba wakiwa wamevaa nguo zao bora. Nyuma ya sherehe kuna hesabu. Siku zinahesabiwa kwa miongo, kila mwongo siku 10, miongo 36 na siku 5 za nyongeza, jumla 365. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini kupanda na nahodha alijua lini bahari inafungwa, lini Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni, lini Kusi inayarudisha. Mwezi wa Kiislamu, unaozunguka majira yote, usingeweza kazi hiyo. Lakini hesabu hii haina mwaka mrefu, hivyo kila miaka minne Nairuzi hurudi nyuma siku moja dhidi ya kalenda ya ofisini, karibu siku 25 kwa karne. Mzee anayejua miongo hulazimika kusahihisha kwa kutazama mvua yenyewe, na hapo ndipo anapomzidi Saunders.

Siasa ilipoikamata kalenda ya Afrika Mashariki, ilianza na siku ya kuzaliwa mfalme wa Uingereza, ambayo ilikuwa sikukuu rasmi katika makoloni. Baada ya uhuru Tanzania ilichagua tofauti. Mwalimu Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922, lakini siku ya mapumziko ni 14 Oktoba, alipofariki mwaka 1999. Karume wa Zanzibar anakumbukwa 7 Aprili, siku aliyouawa mwaka 1972. Na tarehe hazitulii. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za 9 Desemba na kuwaambia watu washike mafagio. Kenya imevuruga zaidi: Siku ya Kenyatta, 20 Oktoba, ikawa Mashujaa kwa Katiba ya 2010. Siku ya Moi, 10 Oktoba, iliachwa nje ya Katiba hiyo, ikarudishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, baadaye ikaitwa Siku ya Utamaduni, na kufikia 2024 ni Siku ya Mazingira. Aliyechapa kalenda ya ukutani mapema mno alipata hasara.

Wazee wetu wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kuchapwa popote. Ukimuuliza bibi, anakwambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au nzige walipokula mtama wote, na karani wa vitambulisho akaandika 1 Januari. Hewa ndiyo iliyotunza umri. Ndiyo maana kizazi kizima kinaikumbuka mvua ya mwishoni mwa 1961. Tanganyika ilipandisha bendera tarehe 9 Desemba huku mafuriko yakikata barabara na reli katika eneo zima, na kati ya mwaka huo na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Hadi leo kuna wanaoiita mvua ya Uhuru.

Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa Vuli na Masika kabla ya msimu, kwa vipimo ambavyo Franklin asingevidhania, na simu ya mkononi inakupa neno la siku, siku ya kuzaliwa ya msanii na mvua ya saa kumi jioni kwa pamoja. Kinachopungua ni watu wanaojua hesabu ya miongo kwa kichwa. Aliye na mzee wa namna hiyo Makunduchi, Pemba au Lamu, na akae naye kabla ya Nairuzi ijayo, amwombe ahesabu mwongo kwa mwongo, ataje mvua na upepo wa kila mmoja, naye aandike.