Je, ni lazima kuonyesha kitambulisho kwenye geti la ofisi ya serikali?

Swali hili huulizwa na wakimbizi na wenyeji pia: mlinzi wa ofisi ya serikali hapa Kenya akikusimamisha getini na kudai kitambulisho, ana haki hiyo? Inategemea ni geti la wapi na anayelilinda ni nani.

Maeneo machache yametangazwa rasmi chini ya Sheria ya Maeneo Yanayolindwa. Huko haingii mtu bila ruhusa, awe raia au mgeni, na aliyeruhusiwa hufuata maagizo ya askari. Hapo usibishane.

Ofisi nyingine nyingi, hata za serikali, hulindwa na kampuni za ulinzi. Walinzi hao wanaongozwa na Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi ya mwaka 2016. Kifungu cha 48 kinamruhusu mlinzi kukuomba ujitambulishe, kuandika saa ya kuingia na kutoka, na hata kushika kitambulisho chako kwa muda. Lakini kinambana pia: taarifa hizo ni za kukutambua tu, na kitambulisho kihifadhiwe mahali salama. Kwa hiyo namba ya simu ya msichana iliyoandikwa kwenye daftari la getini si ya kumpigia jioni. Jambo kama hilo linaweza kulalamikiwa kwa Kamishna wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kwa mkimbizi, tatizo mara nyingi ni mlinzi asiyeitambua kadi yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inasema kadi ya mkimbizi, au pasi ya mwomba hifadhi, inatosha kumtambulisha mwenyewe anapotafuta haki na huduma. Mweleze mlinzi kwa upole kwamba kadi hiyo imetolewa na Serikali ya Kenya, kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Akikataa bado, omba aitwe msimamizi wake au ofisa unayekwenda kumwona.

Je, uiache kadi getini? Omba kwanza namba yake iandikwe kwenye daftari, kadi ubaki nayo. Mkimbizi aliyetoka Kakuma au Dadaab kwenda Nairobi hana kingine cha kuwaonyesha polisi wakimsimamisha njiani, ila kadi na pasi ya kusafiri. Pasi ya kusafiri usiiache kabisa. Ikibidi kuacha kadi, tazama inapowekwa, dai namba ya kuichukulia, na uichukue kabla walinzi hawajabadilishana zamu. Ikipotea, piga ripoti polisi siku hiyo hiyo, kisha uende Idara ya Huduma kwa Wakimbizi.

Wenyeji nao wana shida yao. Garissa na kaunti jirani wako Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingia kwenye orodha ya wakimbizi walipokuwa wakitafuta chakula cha msaada, na kwa sababu hiyo wakakaa miaka bila kitambulisho cha taifa. Kwao geti laweza kuwazuia kuifikia ofisi ile ile ya kuwatatulia jambo hilo. Asiye na kitambulisho abebe alichonacho, kama cheti cha kuzaliwa au barua ya chifu, au aende na mzee anayejulikana pale ofisini.

Geti la hospitali ni tofauti. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mama mwenye uchungu wa kuzaa apitishwe kwanza, kitambulisho kitafutwe baadaye.